Diploma ao uwanja? Historia ya makocha wa mita 800

Katika mitaa ya Goma, Bukavu, Beni na Bunia, swali moja linarudi kila mwanzo wa shindano: kocha huyu alisomea wapi? Wakubwa wa kamati wanaomba karatasi. Kocha anajibu kwamba amefundisha watoto miaka kumi na tano, na kwamba wachezaji ambao muji mzima unawajua walipita mikononi mwake. Karatasi hana. Wengine walikuwa nayo, lakini mtu anayekimbia risasi usiku anabeba mtoto, sufuria na godoro. Diploma inabaki ukutani, na nyumba ikichomwa, inaungua nayo. Upande wa pili wako vijana waliotoka masomoni na cheti kipya. Wanajua majina ya misuli yote ya mguu, lakini wakisimama mbele ya watoto arobaini na mpira mmoja, hawajui waanzie wapi.

Ugomvi kati ya hao wawili si wa Kivu wala Ituri peke yake, na haukuanza leo. Mahali pazuri pa kuuangalia si kwenye mpira wa miguu, ambako mechi ikiisha kila mtu ana maelezo yake: mwamuzi, uwanja, mvua, hata uchawi. Ni kwenye mbio za mita 800. Pale ni mizunguko miwili tu ya uwanja, na saa ndiyo inayosema. Ukifuata rekodi ya dunia ya mbio hizo kuanzia 1939 hadi 2012, unakutana na daktari wa moyo, mfanyakazi wa kiwanda cha viatu, injinia wa kiwanda cha visu na vijiko, na mwalimu wa jiografia.

Mambo yanaanzia Ujerumani. Woldemar Gerschler alikuwa mwalimu katika muji wa Dresden. Mwezi wa saba 1939, kijana wake Rudolf Harbig alikimbia mita 800 huko Milano, Italia, kwa dakika 1 na sekunde 46.6. Rekodi iliyokuwepo ilikuwa 1:48.4. Kuipunguza karibu sekunde mbili kwa siku moja ni jambo ambalo watu wa riadha hawakuwa wamelizoea. Rekodi ile ilikaa miaka 16. Harbig mwenyewe hakuishi kuiona ikivunjwa: vita vilianza wiki chache baada ya mbio za Milano, naye aliuawa akiwa askari mwaka wa 1944.

Gerschler hakufanya kazi kwa kukisia. Alishirikiana na Herbert Reindell, daktari wa moyo wa Freiburg. Njia yao ilikuwa hivi: mwanariadha anakimbia kipande kifupi, kama mita 200, mpaka moyo unafikia karibu mapigo 180 kwa dakika. Halafu anapumzika akitembea ao akikimbia polepole. Moyo ukishuka hadi 120, anarudia. Kama umepita sekunde 90 na moyo haujashuka, kazi ilikuwa nzito mno kwake siku hiyo. Kwa maoni yao, moyo unajijenga hasa katika ule muda wa kupumzika. Hapo elimu ilionyesha faida yake wazi. Kocha wa zamani aliangalia uso wa kijana na kusema, bado ana nguvu, aendelee. Sasa alikuwa na kipimo.

Na kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Vidole viwili vinawekwa shingoni, mapigo yanahesabiwa kwa sekunde 10, kisha hesabu inazidishwa mara 6. Mapigo 20 katika sekunde 10 ni sawa na 120 kwa dakika. Mapigo 30 ni 180. Watoto moyo wao hupiga haraka kuliko wa watu wazima, kwa hiyo namba hizo si sheria kwao. Lakini kocha anayefundishia juu ya mawe ya volkano, mwenye saa ya simu tu mfukoni, anaweza kufanya kesho asubuhi kile ambacho wasomi wa Freiburg walitumia miaka kukitafuta.

Mwaka wa 1955 rekodi ya Harbig ilivunjwa huko Oslo, kwa 1:45.7. Aliyeivunja alikuwa Mbelgiji, askari polisi jina lake Roger Moens, na yeye pia alikuwa amepitia mikono ya Gerschler. Ukiangalia hivyo, njia ya wasomi ilikuwa imemaliza mjadala.

Kumbe, upande mwingine kabisa wa dunia, katika muji wa Auckland huko New Zealand, mtu mmoja alikuwa anatafuta kwa miguu yake mwenyewe. Arthur Lydiard alizaliwa mwaka wa 1917. Alifanya kazi katika kiwanda cha viatu, na kwa muda alikuwa pia anagawa maziwa usiku ili familia ile. Hakuwa na chuo wala maktaba. Alicheza raga na kujiona mzima kama watu wote. Siku moja mzee wa klabu yake, mtu aliyemzidi umri, alimpeleka kukimbia maili 5, yaani kilometa 8. Lydiard alirudi anahema kama anataka kufa. Hakuwa amefika hata miaka 30, na alianza kujiuliza hali yake itakuwaje akizeeka.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachomtenga na makocha wengi wanaojivunia miaka yao uwanjani. Aliufanya mwili wake kuwa mahali pa majaribio. Kwa karibu miaka kumi alikimbia kidogo, akakimbia sana, akapita kiasi mpaka mwili ukakataa, akarudi nyuma, akalinganisha. Alifika kwenye hesabu ya maili 100 kwa wiki, karibu kilometa 160, si kwa mwendo wa kujiua na si kwa mwendo wa kutembea. Hiyo ilikuwa miezi ya msingi. Baada yake vilifuata vilima, baada ya vilima kasi ya uwanjani, na mwisho mashindano. Kila kitu kilikuwa na wakati wake. Yeye mwenyewe alishinda marathoni ya taifa lake mwaka wa 1953 na tena 1955.

Mtu mwenye miaka kumi uwanjani anaweza kuwa amerudia mwaka mmoja mara kumi. Lydiard hakurudia. Kila mwaka alibadilisha kitu na kuangalia kilicholeta mabadiliko. Tofauti hiyo haionekani kwenye cheti, lakini haionekani pia kwenye idadi ya miaka, na ndiyo maana mtu akisema tu kwamba amefundisha miaka ishirini, bado hajasema mengi.

Vijana wa mitaa ya karibu walimwona, wakamfuata. Murray Halberg alikuwa na mkono wa kushoto uliolemaa kwa ajali ya raga. Barry Magee alikuwa mtu wa mbio ndefu. Peter Snell alikuwa kijana wa mwili mkubwa aliyependa tenisi. Siku ya Mungu walikuwa wanapanda pamoja vilima vya Waitakere, mzunguko wa kilometa 35. Snell naye alikuwemo, ingawa mbio zake zilikuwa za mita 800. Watu wengi wa riadha waliona ni upuuzi. Mtu anayeshindana kwa muda usiofika dakika mbili anatafuta nini katika kilometa 35? Lydiard hakuwa na jibu la kitabu. Alikuwa na jibu moja tu: ameshajaribu, na inasaidia.

Tarehe 2 mwezi wa tisa 1960, huko Roma, Snell alisimama kwenye fainali ya Olimpiki pamoja na Moens, mwenye rekodi ya dunia. Kwa Mkongomani mwaka ule unakumbusha mambo mengine. Miezi miwili kabla, tarehe 30 mwezi wa sita, Ubelgiji ulikuwa umeipa Kongo uhuru. Inasemwa mara nyingi kwamba inchi nzima wakati ule haikuwa na Wakongomani 30 waliomaliza chuo kikuu. Wakoloni walipenda kuitaja hesabu hiyo kuonyesha kwamba watu hawako tayari, kana kwamba si wao walioshika ufunguo wa shule: Lovanium, chuo kikuu cha kwanza, kilifunguliwa mwaka wa 1954 tu. Kwa hiyo neno karatasi, katika inchi hii, lina uzito wake wa zamani. Mtu akiambiwa hana karatasi, anasikia mambo mengi nyuma ya sentensi hiyo.

Huko Roma, katika mita za mwisho, Moens alikuwa mbele. Aligeuza kichwa upande wa kulia kutazama nani anakuja. Snell alipita kushoto, kwa ndani. Muda wake ulikuwa 1:46.3, Moens 1:46.5. Saa moja haikupita, Halberg naye akashinda mita 5000. Siku chache baadaye Magee alipata shaba katika marathoni, nyuma ya Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyekimbia bila viatu, na Rhadi wa Moroko. Vijana watatu wa jirani, wanaofundishwa na mtu wa kiwanda cha viatu, walirudi nyumbani na medali tatu. Mwanzoni mwa 1962 Snell aliivunja rekodi ya Moens kwenye uwanja wa majani huko Christchurch, kwa 1:44.3. Mwaka wa 1964, Tokyo, alishinda mita 800 na mita 1500 pamoja.

Ni rahisi kusimama hapo na kupiga makofi: fundi viatu amemshinda profesa. Wengi walisimama hapo. Makocha wa inchi nyingi walianza kuiga kilometa 160, wakaacha vilima, wakaacha mpangilio wa miezi, wakadhani siri yote iko katika urefu. Lydiard mwenyewe alilalamika kwamba watu wamesikia nusu ya maneno yake. Jambo hilohilo liliipata njia ya Freiburg. Watu walichukua zile mita 200 zinazorudiwa, wakaacha kuhesabu mapigo ya moyo, yaani waliacha kitu chenyewe kilichofanya njia ile iwe ya akili. Ujuzi wa uwanjani na ujuzi wa darasani vinaharibika kwa njia moja: mtu anachukua umbo na kuacha sababu.

Kuna mfano mwingine unaomhusu kila mzazi anayemtuma mtoto mazoezini, nao ni maji. Kwa miaka mingi makocha wenye uzoefu walisema mwanariadha asinywe maji wakati wa kazi. Eti maji yanaleta uzito, yanaleta udhaifu. Wakimbiaji wa marathoni wa miaka ya 1950 walimaliza kilometa 42 karibu bila kunywa kitu, na wengine walianguka njiani. Hiyo ilikuwa sauti ya uzoefu, na ilikuwa na makosa. Huku kwenye viwanja vyetu bado inasikika: mtoto anaomba maji, anaambiwa avumilie kama mwanaume. Baadaye ikaja sauti ya pili, ya wenye vyeo na vitabu. Katika miaka ya 1980 na 1990 wakimbiaji waliambiwa wanywe mengi kadiri wanavyoweza, wasingoje hata kiu. Baadhi yao walikunywa kupita kiasi, chumvi ya damu ikashuka, wakapoteza fahamu, na wako waliokufa. Profesa Tim Noakes wa Cape Town alikuwa anaonya juu ya hatari hiyo tangu miaka ya 1980, na haikuwa rahisi asikilizwe. Leo ushauri wa kawaida umekuwa mwepesi: mwenye kiu apewe maji anywe. Bibi yoyote kijijini angeweza kusema hivyo. Lakini ilibidi watu wafe kwa makosa ya kushoto, na wengine kwa makosa ya kulia, kabla ya kufika hapo.

Rekodi ya mita 800 iliendelea kushuka, na mwaka wa 1979 ilifika mikononi mwa Mwingereza Sebastian Coe, kwa 1:42.33 huko Oslo. Mwaka wa 1981, Florence, akaishusha hadi 1:41.73. Kocha wake alikuwa baba yake, Peter Coe, injinia katika kiwanda cha visu na vijiko cha Sheffield. Ujana wake mzee huyo alipenda baiskeli, na mbio za miguu hakuwa amezifundisha kabla ya mwanawe. Alianza kusoma vitabu vya fiziolojia kama anavyosoma ramani ya mashine, akauliza wasomi maswali yasiyo na adabu, akatupa alichoona hakifai. Njia ya Lydiard ya kilometa nyingi hakuikubali. Kijana wake alikimbia kilometa chache kwa kasi kubwa. Hakukataa msaada wa chuo: huko Loughborough, George Gandy, mwalimu wa mambo ya mwendo wa mwili, ndiye aliyemjenga kijana huyo kwa mazoezi ya nguvu. Mwaka wa 1991 Peter Coe alitoa kitabu cha kufundisha wakimbiaji pamoja na David Martin, mwanasayansi wa Georgia State University ya Marekani. Injinia na profesa waliandika jina kwenye ganda moja. Rekodi ya 1981 ilikaa miaka 16 pia, kama ile ya Harbig.

Aliyeivunja alitoka Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1997 Wilson Kipketer, Mkenya wa kuzaliwa aliyekimbilia bendera ya Denmark, alishuka hadi 1:41.11. Wakati ule kocha wake alikuwa Mpolandi, lakini shule yake ya sekondari ilikuwa St Patrick's, katika muji mdogo wa Iten, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,400 juu ya Bonde la Ufa. Na hapo Iten ndipo swali la diploma na uwanja linakuwa gumu kuliko mahali pengine popote.

Mwaka wa 1976 alifika pale mtawa kijana kutoka Ireland, Colm O'Connell, mmoja wa wale ambao Kongo wanaitwa frere. Alitumwa kufundisha jiografia. Riadha hakuijua. Shuleni alimkuta mwalimu Mwingereza, Pete Foster, ndugu wa mkimbiaji maarufu Brendan Foster, ambaye ndiye aliyekuwa anashughulika na wakimbiaji wa shule. Foster alipoondoka, kazi iliangukia kwa frere. Hakuwa na kitu cha kuwafundisha wanafunzi wale kuhusu kukimbia, na yeye mwenyewe amesema mara nyingi kwamba alijifunza kutoka kwao. Aliangalia. Aliuliza. Aliona mguu unavyogusa ardhi, bega linavyokaza wakati mtu amechoka, kichwa kinavyoanza kuyumba. Makocha wengi wanaanza na kilometa na saa. Yeye alianza na namna mtoto anavyosimama na anavyobeba mwili wake, na mpaka leo watu wanaokwenda Iten kumwona wanashangaa jinsi anavyosema maneno machache.

Mwaka wa 1988, Seoul, Peter Rono, aliyesoma shuleni hapo, alishinda mita 1500 akiwa na miaka 21. Mwaka wa 1992, Barcelona, Matthew Birir, naye wa shule hiyo, alichukua dhahabu ya mita 3000 kuruka viunzi na maji. Tangu mwaka wa 1989 frere alianzisha kambi za vijana wakati wa likizo, na wasichana wakapata nafasi yao katika eneo ambako wazazi wengi walitaka msichana aolewe mapema. Katika moja ya kambi hizo alikuja kijana mrefu wa Kimasai kutoka Kilgoris, David Rudisha. Baba yake, Daniel, alikuwa amepata medali ya fedha katika mbio za kupokezana za mita 400 mara nne, Mexico 1968.

Rudisha hakukimbizwa mbio nyingi haraka. Mwaka wa 2006 alikuwa bingwa wa dunia wa vijana. Mwaka wa 2010, ndani ya wiki moja, alivunja rekodi mara mbili: Berlin 1:41.09, Rieti 1:41.01. Tarehe 9 mwezi wa nane 2012, London, alitoka mbele tangu mwanzo wa fainali ya Olimpiki na kumaliza kwa 1:40.91. Kasi ile iliwavuta wote: mtu wa nane, wa mwisho kabisa, alikimbia 1:43.77, muda ambao ungeshinda fainali ya Beijing ya 2008. Mwalimu wa jiografia alikuwa amemfikisha mtu mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kufika katika mbio hizo.

Je, wasomi hawakuwa na la kusema juu ya Iten? Walikuwa nalo. Mwaka wa 1990 Bengt Saltin, mwanasayansi wa Uswidi, alikwenda Kenya na wenzake, wakapima pumzi, damu na misuli ya wakimbiaji wa huko, wakilinganisha na wa Skandinavia. Matokeo yalitolewa mwaka wa 1995. Walikuta kwamba uwezo wa kutumia oksijeni wa mabingwa wa pande zote mbili haukutofautiana sana, ila Wakenya walitumia oksijeni kidogo zaidi kwa mwendo uleule, kama gari linalokula mafuta kidogo. Walikuta pia kwamba watoto waliokwenda shule kwa miguu, wakitembea na kukimbia, walikuwa na pumzi kubwa kuliko wale wasiofanya hivyo. Frere alikuwa anaona mambo hayo kwa macho kwa miaka 14. Lakini macho yake hayakuweza kuonyesha kwamba siri haiko katika pumzi kubwa bali katika matumizi madogo. Kwa hilo mashine ilihitajika.

Kongo pia ilikuwa na watu wa aina hiyo, wenye kanzu na filimbi. Kinshasa, wakati ikiitwa Léopoldville, padri Mbelgiji Raphaël de la Kethulle, ambaye wakaaji walimwita Tata Raphaël, alianzisha mashindano, viwanja na timu. Daring, ambayo leo ni DCMP, ilizaliwa kwake mwaka wa 1936. Lubumbashi, watawa Wabenediktini wa shule ya Saint-Boniface waliunda mwaka wa 1939 timu ya wanafunzi ambayo leo dunia inaiita TP Mazembe. Hakuna aliyewauliza diploma ya ukocha. Ni kweli pia kwamba walikuwa wazungu katika wakati wa ukoloni, na Mkongomani aliyesimama kando ya uwanja uleule na ujuzi uleule hakupewa filimbi. Jambo hilo halisemwi sana wakati wa kuwasifu mapadri.

Siku hizi filimbi inaombewa karatasi. Shirikisho la mpira la Afrika, CAF, lina leseni za makocha kuanzia D na C kwenda B, A na Pro, na timu inayoingia mashindano ya bara inabidi kuwa na kocha mkuu mwenye leseni inayotakiwa. Si jambo baya. Kozi nzuri inamfundisha kocha kutambua dalili za mtoto aliyegonga kichwa, kupanga wiki ya mazoezi, kujua mpaka wa mwili wa miaka 12. Mambo hayo mtu akijifunza kwa uzoefu peke yake, anajifunzia juu ya watoto wa watu, na kila kosa lina jina na mama. Tatizo ni lango. Kozi inafanyika mahali fulani, inaomba gharama, safari na kitambulisho. Kocha aliyehama mara tatu kwa miaka mitano hana hata anwani ya kupokelea barua. Anayesema watoto wafundishwe na wenye leseni tu, kule ambako familia zimekimbilia, kwa kweli anasema watoto hao wasifundishwe.

Lakini kocha huyo ana kitu kimoja anachoweza kukifanya bila lango lolote, nacho ni kuandika. Tarehe, nani alikuja, walifanya nini, nani aliumia, mapigo mangapi shingoni. Lydiard alijua lililomfaa kwa sababu alilinganisha wiki na wiki, na asiyeandika analinganisha na kumbukumbu, ambayo ni rafiki wa uongo. Daftari la kurasa 48 halibebi uzito wa leseni mbele ya kamati. Ila kocha akikaa siku moja kwenye benchi ya kozi, hatakuwa anasikia maneno matupu; kila somo litakuta mtoto fulani kwenye ukurasa fulani.

Peter Snell alifanya safari hiyo. Baada ya medali zake tatu za dhahabu hakuwa na diploma ya chuo kikuu. Mwaka wa 1971, akiwa na miaka 32, alihamia Marekani kusoma, akakaa darasani na vijana ambao walikuwa watoto wadogo alipomshinda Moens. Alianza katika chuo kikuu cha Davis, California, kisha akapata udaktari wa fiziolojia ya mazoezi katika Washington State University, na kuanzia mwaka wa 1981 alifanya utafiti katika chuo cha matibabu cha Texas, muji wa Dallas. Moja ya maswali aliyoyabeba ni lile ambalo kocha wake hakuweza kulijibu: kwa nini kilometa 35 za siku ya Mungu zilimsaidia mtu wa mita 800? Maelezo yake yalikuwa kwamba katika mbio ndefu nyuzi za misuli zinazofanya kazi polepole zinamaliza akiba yake ya sukari, na hapo mwili unalazimika kuita nyuzi za kasi, ambazo kwa kawaida zinalala. Hivyo zile za kasi nazo zinajifunza kuvumilia, ingawa mtu anakimbia taratibu.

Lydiard aliendelea kuzunguka dunia akifundisha makocha, kama alivyofanya Finland mwishoni mwa miaka ya 1960, inchi ambayo mwaka wa 1972 ilirudi kwenye dhahabu ya mbio ndefu. Alifariki mwezi wa kumi na mbili 2004, akiwa na miaka 87, katika safari ya mafundisho huko Houston. Houston iko Texas, jimbo lilelile ambamo Snell, mita 800 wake wa zamani, alikuwa na maabara.